GB 96 ziko tupu, lakini Windows inakubali kuachia 8 tu: nitawekaje Linux pembeni yake?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati wa sekondari mkoani Tabora. Nina ThinkPad T470 ya mtumba, ramu GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Ina Windows 10 na imegoma kupanda kwenda 11. Nataka kuweka Linux bila kuiondoa Windows, kwa sababu matokeo ya wanafunzi nayatunza kwenye Excel yenye makro. Diski C inaonyesha GB 237, zilizotumika 141, zilizobaki 96. Nilipobofya 'Shrink Volume' ikaniambia naweza kupunguza MB 8,214 tu. Fundi mmoja anasema lazima tufute kila kitu tuanze upya. Mwingine anasema ataigawa kwa programu yake, dakika kumi tu. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Mwalimu, kwa sasa usimpe mashine yeyote kati yao. Diski yako haina tatizo na hesabu yako iko sawa. Hata ile MB 8,214 ni jibu la kweli, ila ni jibu la swali lingine. Wewe unauliza nafasi tupu ni kiasi gani. Windows inakujibu inaweza kukata umbali gani kabla haijakutana na kitu isichoruhusiwa kukisogeza.

Chukua shamba la familia, refu, lenye nyumba na migomba upande wa kushoto na pori tupu upande wa kulia. Sasa kule kulia, hatua nane tu kabla ya mpaka, kuna kaburi la babu. Mtu akija kununua kipande kuanzia mpakani, utamkatia hatua nane na kuishia hapo, hata kama kati ya kaburi na nyumba hakuna hata mchicha. Windows hupunguza C kwa mtindo huohuo: huanzia mwisho wa diski, hurudi nyuma ikisogeza mafaili ya kawaida, na ikifika kwenye faili isiloweza kulihamisha wakati yenyewe imewaka, husimama. Kwako imesimama baada ya GB nane.

Mafaili yanayoizuia yanajulikana, ni machache. La kwanza ni hiberfil.sys, ambamo Windows huhifadhi yaliyomo kwenye ramu mashine inapolala. La pili ni pagefile.sys, ambalo hutumika kama ramu ya ziada. La tatu ni kumbukumbu za "System Restore", zile zinazokuwezesha kuirudisha Windows ilivyokuwa wiki iliyopita. Mengine ni ya NTFS yenyewe, yaani mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili kwenye diski, hasa $MFT, daftari linaloandika kila faili liko wapi. Matatu ya mwanzo unaweza kuyaondoa kwa muda kisha ukayarudisha, na mara nyingi hiyo inatosha.

Lakini kabla hujagusa lolote, nakala. Najua kila fundi huanza na wimbo huu, na najua pia kwamba wengi huupita. Mwaka 2015 niliipokea kompyuta ya mezani ya mama mmoja aliyetaka diski C iongezwe nafasi kutoka D. Haikuwa na UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Ili C ipanuke ilibidi mwanzo wa D usogezwe kulia, na kusogeza mwanzo wa patisheni, yaani kipande cha diski, maana yake ni kunakili kila kilichomo, kimoja kimoja, kutoka mahali pa zamani hadi papya. Kazi ilifika zaidi ya nusu, umeme ukakatika. Nusu ya D ilikuwa imehama, nusu haijahama, na hakuna daftari lililojua mpaka uko wapi. Picha za msiba wa mume wake zilikuwa humo na hazikuwa mahali pengine popote. Nilikaa na diski ile siku tano, nikaokoa kidogo sana. Tangu hapo sigawi diski ya mtu ambaye hajanionyesha nakala yake ikifunguka kwenye mashine nyingine.

Kwa hiyo chukua folda za matokeo, mitihani, picha na vyeti, uziweke kwenye diski ya nje, na yale ya matokeo yaweke pia mtandaoni. Kisha chomeka diski hiyo kwenye kompyuta ya mwenzako hapo ofisini na ufungue mafaili matatu manne. Kuona jina la faili pekee hakutoshi. Lifungue, uone namba za wanafunzi.

Kisa hicho pia kinajibu habari ya fundi wa dakika kumi. Programu za kugawa diski si mbaya, nami nazitumia. Hatari inategemea unakata upande gani. Kupunguza patisheni kwa kukata mwisho wake husogeza mafaili machache tu yaliyo mkiani. Kusogeza mwanzo wake huhamisha kila kitu. Wewe unahitaji kukata mwisho wa C tu, na kazi hiyo Windows yenyewe inaiweza, kwa kuwa ndiyo inayolijua daftari lake la NTFS kuliko programu yoyote ya nje. Na yule wa kufuta kila kitu hana sababu yoyote ya kiufundi. Ni njia rahisi kwake, basi.

Sasa angalia mambo mawili ambayo mashine za mtumba huficha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wa "BIOS Mode". Ukikuta "UEFI", diski yako karibu hakika imepangwa kwa GPT, mtindo mpya wa kugawa vipande vya diski, na mambo ni mepesi: Windows inaruhusu hadi patisheni 128 kwenye diski moja ya aina hiyo. Ukikuta "Legacy", aliyekuuzia aliweka Windows kwa mtindo wa zamani wa MBR, uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, na huo una nafasi ya patisheni kuu nne tu. Zikishajaa nne, ukijaribu kuongeza ya tano Windows itakuuliza kama unataka diski igeuzwe kuwa "dynamic". Kataa. Ukikubali, kuweka Linux humo kutakuwa kazi ngumu, na kurudi nyuma ni kugumu zaidi. Kubadilisha MBR kuwa GPT bila kufuta kitu kunawezekana, Windows 10 inakuja na amri ya mbr2gpt kwa kazi hiyo, lakini usiifanye siku moja na kazi hii. Ukikuta "Legacy", niandikie kwanza.

Jambo la pili ni BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski kwa ufunguo. Fungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", kisha andika:

manage-bde -status

Kama inasema C imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi, kisha uzime BitLocker na usubiri imalize kabisa kufungua diski. Nimeona watu wakiweka Linux vizuri kabisa, halafu Windows inawadai ufunguo ambao aliyekuwa nao ni mmiliki wa kwanza wa mashine, aliyeko nchi nyingine.

Twende kwenye kuondoa vizuizi. Kwenye dirisha lilelile la msimamizi andika:

powercfg /h off

Amri hii fupi inafanya kazi mbili. Inalifuta hiberfil.sys, na inazima "Fast Startup", ile hila ya Windows ya kujifanya imezimika kumbe imelala nusu. Hiyo ya pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Windows ikilala nusu huiacha C ikiwa bado mikononi mwake, na Linux ikiifungua itakuta imefungwa, itakuruhusu kusoma tu bila kuandika. Wanaolazimisha kuandika ndio hupoteza mafaili. Kwa hiyo izime na uiache hivyohivyo kwa muda wote utakaokuwa na mifumo miwili.

Kwa pagefile, bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", kisha "Settings" ya "Performance", halafu "Advanced" tena, kisha "Change". Ondoa alama kwenye mstari wa juu, chagua "No paging file", bofya "Set". Kwa "System Restore", rudi kwenye dirisha la kwanza la sysdm.cpl, nenda "System Protection", chagua C, "Configure", zima ulinzi na ufute kumbukumbu zilizopo. Kisha washa mashine upya. Bila kuwasha upya, pagefile bado ipo.

Sasa fungua diskmgmt.msc. Chini utaona Disk 0 imechorwa kama mstari: kipande kidogo cha "EFI System Partition" cha MB 100 au 260, kisha C, kisha pengine "Recovery" mwishoni. Bofya C kwa kitufe cha kulia, "Shrink Volume", na usome namba mpya. Natarajia itakuwa imepanda kutoka 8,214 hadi makumi ya maelfu.

Ikiwa bado ni ndogo, usibahatishe, kwa sababu Windows yenyewe huandika ni faili gani limeizuia. Fungua eventvwr.msc, nenda "Windows Logs", kisha "Application", utafute tukio namba 259. Ndani yake kuna sentensi inayoanza "The last unmovable file appears to be" na jina la faili linafuata. Ukiona "System Volume Information", kumbukumbu za kurejesha bado hazijafutika zote. Ukiona pagefile.sys, hukuwasha upya. Ukiona $MFT, jaribu mara moja amri ya defrag C: /X, inayokusanya nafasi tupu pamoja, kisha rudia. $MFT ikiendelea kugoma, hapo ndipo nakubali kutumia GParted, programu ya Linux ya kugawa diski, ukiwa umewasha mashine kwa flashi ya Linux: Windows ikiwa imezimwa kabisa, nakala ipo, betri imejaa na chaja imechomekwa, na unakata mwisho wa C tu.

Ukate kiasi gani? Una GB 96 tupu. Windows ikibanwa inakuwa nzito na masasisho yanashindwa kuingia, kwa hiyo iachie GB 40 hivi. Linux Mint inahitaji angalau GB 20 na kwa matumizi yako, yaani LibreOffice, GeoGebra, Python na kivinjari, GB 55 zinatosha na kubaki. Kisanduku kile kinataka MB, na GB moja humo ni MB 1,024, kwa hiyo 55 mara 1,024 ni 56,320. Andika hiyo, bofya "Shrink", na usiguse chochote hadi imalize. C itabaki na GB 182, kati ya hizo 41 tupu.

Utaona kipande chenye mstari mweusi kimeandikwa "Unallocated", kati ya C na "Recovery". Kiache hivyo. Wengi hapa hubofya "New Simple Volume" kwa mazoea na kutengeneza D. Linux haiihitaji D, inahitaji ardhi isiyopimwa. Na usisogeze "Recovery" ili vipande vikae kwa mpangilio mzuri, havina haja ya kupendeza. Mwisho rudisha pagefile kwa kuweka tena alama uliyoiondoa, na uwashe "System Protection".

Nimesema Linux Mint, na nieleze kwa nini. Ubuntu 24.04 ni nzuri pia, lakini faili lake la kusimika ni karibu GB 6 wakati la Mint 22 ni karibu nusu ya hapo, na najua bando lina bei. Meza ya Mint, menyu yake chini kushoto, haitakupotezea muda wa kujifunza upya. Zote mbili zitapata masasisho hadi 2029, wakati Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. T470 yako imekataliwa na Windows 11 kwa sababu ya prosesa yake tu. Kama mashine, bado ina miaka mingi ya kazi.

Faili ukishalipakua, lihakiki, hasa kama mtandao ulikatikakatika. Kwenye Command Prompt andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe mstari unaotokea na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, pakua tena. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, ukichagua GPT. Kilichomo kwenye flashi kitafutika.

Chomeka chaja. Washa mashine ukigonga F12, chagua flashi. Mint itawaka bila kusimikwa, nawe tumia nusu saa hapo: jaribu WiFi, sauti, kibodi, projekta kama unayo. Kisha bofya "Install Linux Mint". Ukiulizwa aina ya usimikaji utaona "Install alongside" na "Erase disk". Ya pili ndiyo inayofuta kila kitu. Ya kwanza mara nyingi hufanya kazi vizuri, lakini mimi huchagua "Something else" kwa sababu inanionyesha kila kipande, nami nijue nagusa kipi.

Utaona orodha. Tafuta mstari ulioandikwa "free space" wenye karibu MB 59,000, kwa kuwa humo vipimo vinahesabiwa kidogo tofauti. Hapo ndipo utulie. Linganisha ukubwa, angalia kwamba mstari wa ntfs ulio juu yake ndio C yako, kisha chagua "free space", bofya alama ya kujumlisha, acha ukubwa wote, chagua ext4, ambao ni mfumo wa mafaili wa Linux, na kwenye "Mount point" weka alama ya mkwaju, / peke yake. Huhitaji patisheni ya swap, yaani ramu ya ziada ya Linux, Mint hutengeneza faili lake ndani. Ile patisheni ndogo ya EFI isiwekewe alama ya kufomati hata kidogo, humo ndimo mlango wa kuingilia Windows ulimo, na Linux itaweka mlango wake pembeni. Chini, kwenye mahali pa kuweka kianzishi, chagua diski yenyewe, itaitwa sda au nvme0n1, na si flashi. Kabla ya kuandika lolote itakuonyesha muhtasari wa mabadiliko. Kama unataja kufomati kitu kingine zaidi ya ile ext4 mpya, bofya kurudi nyuma.

Ikimaliza, mashine itawaka kwenye GRUB, menyu ya kuchagua mfumo, yenye Linux Mint na Windows. Ikienda Windows moja kwa moja, ingia BIOS kwa F1, nenda kwenye mpangilio wa kuwaka, uipandishe Linux juu ya "Windows Boot Manager". Usishangae ukiikuta imeandikwa "ubuntu", Mint hutumia jina hilo kwa sababu imejengwa juu ya Ubuntu. Sasisho kubwa la Windows linaweza kuvuruga mpangilio huu. Agosti 2024 sasisho moja liliwazuia watu wengi kuingia Linux zao kupitia "Secure Boot", kinga inayochuja mifumo inayoruhusiwa kuwaka. Kwa hiyo flashi hiyo usiifute, iweke kabatini.

Kuna jambo moja litakalokushtua siku ya pili. Utatoka Linux saa nne asubuhi, uingie Windows, na saa itasema ni saa moja. Betri ya saa haijafa. Windows huamini kwamba saa iliyo ndani ya mashine ni ya mahali ulipo, Linux huamini ni saa ya dunia ya UTC, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Zinarekebishiana kila moja kwa imani yake. Fungua Terminal ndani ya Mint, andika mara moja:

timedatectl set-local-rtc 1

Saa zitakubaliana, na tarehe za mafaili yako ya matokeo hazitayumba.

Kuhusu hayo matokeo, yaache kwenye C na uendelee kuyafungua kwa Excel ndani ya Windows. LibreOffice itayafungua na kukuonyesha alama, lakini makro za Excel mara nyingi hazifanyi kazi zote humo, na msimu wa matokeo si wakati wa kujaribu. Mambo ya intaneti, barua pepe na benki yahamishie Linux, kwa sababu ndiyo inayopata viraka vya usalama.

Siku ukitaka kuiondoa Linux, kwanza iweke "Windows Boot Manager" juu kwenye BIOS na uhakikishe mashine inawaka vizuri, ndipo uingie diskmgmt.msc, ufute ile patisheni ya GB 55, na uipanue C kwa "Extend Volume". Kwa kuwa kipande kiko jirani kabisa na C, itakubali.

Anza na zile amri mbili, manage-bde na powercfg, pamoja na kuwasha upya. Namba mpya ya "Shrink Volume" ikiwa bado haifiki 56,320, nitumie ile sentensi ya tukio 259 kama ilivyo, pamoja na picha ya dirisha la diskmgmt.msc.